Mkono Unapotetemeka Mbele ya Mpira Mweusi

Nimepokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Dar es Salaam ambaye amekulia kwenye meza za pool na sasa amehamia kwenye snuka, mchezo wa fimbo na mipira unaochezwa kwenye meza kubwa zaidi. "Shikamoo kaka," ameandika, "mazoezini naingiza mipira bila taabu, lakini siku ya mashindano nikiinama tu mezani mkono wa nyuma unaanza kutetemeka hadi ncha ya fimbo inachezacheza. Wenzangu wanaona. Nifanye nini?" Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, ila swali lake ni la wengi na linastahili jibu refu. Nadhani nina haki ya kulijibu, kwa kuwa nimeishi na mtetemeko huo kwa miaka mingi, na kwa kuwa mwezi uliopita nilitwaa kombe la klabu yetu hapa Mombasa kwa kuingiza mpira mweusi wa mwisho katika fremu, yaani raundi, ya mwisho, kwa mkono uleule ambao zamani ulihukumiwa kuwa haufai.

Hukumu hiyo ilitolewa hadharani. Timu yetu ilikuwa imefika nusu fainali ya mashindano ya vilabu, na fremu ya kuamua ikaniangukia mimi. Mezani palibaki mpira wa waridi na mweusi, nami nilihitaji yote miwili. Wa waridi ulikuwa umekaa karibu na shimo la kati, mahali ambapo mazoezini nisingehangaika nao hata kidogo. Nilipoinama nilisikia mapigo ya moyo masikioni, kisha mkono wa kulia ukaanza kutikisika kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na ncha ya fimbo ikawa inapanda na kushuka mbele ya macho yangu. Nikasimama, nikapaka chaki upya, nikainama tena, na mara hii mtetemeko ukazidi kwa sababu sasa ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kuuona. Mpira uligonga kona ya shimo ukarudi mezani. Kukosa kulinisikitisha, kama kunavyomsikitisha mchezaji yeyote. Kilichonichoma hadi leo ni maneno ya nahodha wetu, mtu niliyemwita mzee wangu, aliyesema mbele ya timu zote mbili kwamba mkono ule ni wa mtu mwoga na kwamba mashindano yana wenyewe. Msimu uliofuata jina langu halikuwamo katika orodha ya wachezaji. Sijayasahau maneno hayo na sioni sababu ya kujifanya nimeyasahau, kwani naamini kauli za namna hiyo zimewafukuza vijana wengi kwenye mchezo huu kuliko kipigo chochote.

Tena si za kweli. Mkono wa kila binadamu hutetemeka. Hata unapotulia kabisa, misuli yako hutikisika takriban mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Ukihisi kwamba kuna jambo kubwa la kupoteza, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, viganja hutoa jasho, na adrenalini hiyohiyo hufika kwenye misuli ya mkono na kuukuza ule mtetemeko mdogo hadi uonekane na watu waliokaa ukutani. Mwili unakuandaa kupigana au kukimbia, na kwa kazi hizo mbili maandalizi yake ni mazuri sana. Bahati mbaya ni kwamba wewe umeombwa kuisukuma fimbo katika mstari ulionyooka huku umeinama na kidevu kikiigusa. Asiyejali matokeo hana cha kumtetemesha. Wewe unayesoma makala haya unajali, unataka kucheza fainali na kushinda, na adrenalini ndiyo gharama ya kutaka huko.

Aliyetoka kwenye pool atauliza kwa nini kule hakuuona mtetemeko huu. Mara nyingi ulikuwapo, ila meza ilimsamehe. Meza kamili ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, wakati meza nyingi za pool katika baa zetu zina urefu wa futi 7 hivi. Mpira wa snuka una kipenyo cha milimita 52.5, na shimo la kona halina upana wa kupitisha mipira miwili kwa pamoja. Mpira ukitoka kwa kosa la nyuzi moja tu, baada ya mita mbili utakuwa umeuacha mstari kwa sentimita tatu na nusu, na hapo umekwisha kukosa. Mkono wako haukuharibika ulipobadilisha mchezo. Umehamia kwenye meza isiyosamehe.

Ningependa kila nahodha anayeutumia uoga kama tusi akumbuke fainali ya dunia ya mwaka 1985 katika ukumbi wa Crucible, mjini Sheffield, Uingereza. Steve Davis, bingwa mtetezi na mchezaji namba moja wa wakati ule, aliongoza kwa fremu 8 kwa 0, lakini Dennis Taylor akamfukuzia hadi wakalingana 17 kwa 17, na fremu ya mwisho iliyochukua dakika 68 ikaishia kwenye mpira mweusi peke yake. Watazamaji zaidi ya milioni 18 walikuwa mbele ya televisheni, saa sita ya usiku ikiwa imepita. Wote wawili waliukosa mweusi ule, na hatimaye Davis alipata nafasi ya kuukata, yaani kuugonga pembeni, kuelekea shimo la kona, akaukata kupita kiasi, na Taylor akamaliza kazi. Hakuna atakayesema kwamba Davis, aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia mara tatu na ambaye baadaye aliongeza mataji mengine matatu, alikuwa mwoga. Ule mwanga, ule ukimya na ile nafasi moja vina uzito ambao mwili wa binadamu huuhisi, awe bingwa au awe mimi na wewe.

Sasa nieleze kilichonisaidia, ingawa nasema mapema kwamba karibu yote yanatoka katika jambo moja: niliacha kupigana na mtetemeko. Kwa muda mrefu dawa yangu ilikuwa kuibana fimbo. Kila nilipohisi mkono unacheza niliikaza zaidi, nikakaza kiwiko, nikakaza bega, na kila nilipokaza ndivyo ulivyozidi, kwa sababu misuli ya mbele na ya nyuma ya mkono ikivutana kwa nguvu, mtikisiko hukua. Siku hizi nikihisi unaanza, kitu cha kwanza ninachokiangalia ni vidole vinavyoshika fimbo. Fimbo inalala juu ya vidole, gumba limeizunguka bila kuibana, na kiganja kina nafasi. Nguvu naihamishia kwenye mkono wa mbele, ule ulio juu ya kitambaa: vidole vimetandazwa, sehemu ya chini ya kiganja imekandamiza meza, na fimbo inapita kwenye mfereji kati ya gumba na kidole cha shahada. Ukiwa na mkono wa mbele ulioshikamana na meza, kidevu kinachoigusa fimbo na kifua kinachoikaribia, fimbo ina sehemu kadhaa za kuiongoza, na mtetemeko wa mkono wa nyuma haufiki wote kwenye ncha.

Jambo la pili ni kwamba maamuzi yote yanafanyika umesimama. Nikiwa wima nyuma ya mstari wa mpira, naamua shimo, naamua mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, uishie wapi, naamua nguvu ya kuupiga, kisha navuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguzia moyo kasi, na si lazima uielewe ili ikusaidie. Baada ya hapo nainama na sifikiri tena. Nacheza fimbo mbele na nyuma kwa idadi ileile ninayoitumia mazoezini, naivuta nyuma polepole, nasita kidogo, macho yanatulia kwenye sehemu ya mpira ninayotaka kuigusa, napiga. Mtafiti wa Canada Joan Vickers ametumia miaka mingi kuchunguza macho ya wanamichezo, na amebainisha kwamba mtazamo wa mwisho wa wale walio mahiri hutulia mahali pamoja mapema zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Nilipousoma utafiti huo niligundua kwamba macho yangu yalikuwa yakikimbia kati ya mpira mweupe, shimo na nyuso za watu hadi wakati wa kupiga. Nikiinama na wazo jipya likaja, nasimama wima na kuanza upya, hata kama mpinzani anasonya. Ukikaa chini muda mrefu ukisubiri mkono utulie, hautatulia.

La tatu ni uchaguzi wa mpigo, na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawakubaliani nao. Mpigo wa kubembeleza, ule wa kuusukuma mpira ufike shimoni kwa shida, ndio unaohitaji mkono mtulivu kuliko wote. Siku ambayo mkono unacheza, chagua njia inayokuruhusu kupiga kwa nguvu ya wastani na kuipitisha fimbo hadi mwisho, hata kama mpira mweupe utaishia mahali pagumu kidogo. Katika fainali ya mwezi uliopita, mweusi ulikuwa kwenye nukta yake, alama ya mahali pake mezani, na mweupe ulikuwa umbali wa kati, kwa pembe ndogo. Mkono ulitetemeka, na watu waliokuwapo watathibitisha. Nilisimama, nikatoa pumzi, nikalegeza vidole, nikaupiga kwa nguvu ya kawaida, na mpira ukaingia katikati ya shimo bila kugusa kona. Nasema haya kwa fahari kamili. Nahodha wetu wa zamani alikuwa ukumbini, akaja kunipa mkono, nami niliupokea.

Mazoezi yasiyo na joto hayatakuandaa kwa joto. Weka mipira sita ya rangi kwenye nukta zake na uiingize kwa mpangilio, kuanzia wa manjano hadi mweusi, alama 27 kwa jumla. Ukikosa mmoja, hata kama ni mweusi, unarudi mwanzo. Utashangaa jinsi mkono unavyoanza kucheza ukifika kwenye wa waridi ingawa hakuna anayekutazama. Siku nyingine panda na kushuka ngazi kwa haraka hadi moyo upige kwa nguvu, kisha uiname mezani mara moja na ujifunze kupiga katika hali hiyo. Alika watu wakutazame, na uwaruhusu waseme watakacho.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni vitu ambavyo wachezaji wetu wanavitia mwilini kabla ya mechi. Hapa pwani tunakunywa kahawa chungu kikombe baada ya kikombe, na wengine wanaingia ukumbini shavu limejaa miraa, wakidai kwamba inawapa umakini. Kahawa na miraa vyote ni vichangamsho. Vinauharakisha moyo na kuuzidishia mtetemeko, na usingizi unaoukosa usiku kwa ajili ya miraa unauongeza tena kesho yake. Vivyo hivyo sigara, na vivyo hivyo tumbo tupu. Kula chakula cha kawaida saa mbili kabla ya mchezo, kunywa maji, kahawa uinywe ukishamaliza.

Pombe ina udanganyifu wake, kwani kuna mitetemeko ambayo hupungua kweli mtu akinywa. Bill Werbeniuk wa Canada, aliyefika nafasi ya nane duniani katika miaka ya 1980, alikuwa na mtetemeko wa kurithi na alikunywa bia nyingi mno, kabla ya mechi na wakati wa mechi, ili mkono utulie. Baadaye alitumia propranololi, dawa ya moyo inayozuia athari za adrenalini, hadi dawa za kundi hilo zilipokatazwa katika mchezo. Aliacha snuka ya kulipwa mwaka 1990 na akafariki mwaka 2003 akiwa na miaka 56. Nawaambia vijana wanaouliziana vidonge hivi kimyakimya: dawa hizo zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa ya Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli kwa michezo yote ya jamii ya biliadi, na kwa mtu mwenye pumu zinaweza kubana njia za hewa na kumweka katika hatari ya kufa. Msipeane dawa za wagonjwa wa moyo kwa sababu ya kombe.

Upo pia ugumu mwingine usiofanana na huu. Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, ameeleza hadharani kwamba katika miaka yake ya mwisho mkono ulikuwa ukikataa kuipitisha fimbo, ukistuka au kukwama wakati wa kupiga. Hali hiyo inaweza kukufuata hata mazoezini, na pumzi peke yake haitaiondoa. Mtafute mwalimu akutazame.

Na ikiwa mkono unatetemeka nyumbani ukimimina chai, ukiandika au ukifunga vifungo vya shati, au ikiwa baba au mama yako anatetemeka vivyo hivyo, nenda hospitalini ukapimwe. Kutetemeka pamoja na kukonda, jasho jingi na moyo kwenda mbio kunaweza kutokana na tezi ya shingo, na ugonjwa huo una tiba. Wanaotumia salbutamoli ya kuvuta kwa ajili ya pumu wajue kwamba nayo hutetemesha mikono kwa muda baada ya kuitumia. Wasiiache kwa sababu ya mchezo, bali wamwambie daktari saa za mechi zao ili awasaidie kupanga.