Re: Plea ya santuri inatoa sauti ndogo, ni mbovu?
Mkuu, umesema umechomeka plea yako ya kwanza ya santuri kwenye ampu na sauti inatoka ndogo, nyembamba, haina besi. Usiirudishe kwanza, inawezekana kabisa ni nzima. Sindano inatoa umeme kidogo mno, milivolti chache tu, halafu santuri ikichongwa besi hupunguzwa makusudi ili mifereji isiwe mipana, sasa kuna kitu kinaitwa prii-ampu ya fono, hicho ndo kinakuza sauti na kurudisha ile besi. Angalia nyuma ya plea, ukikuta swichi ya PHONO na LINE weka LINE, maana yake plea ina prii-ampu yake ndani, au kama ampu ina tundu la PHONO chomeka hapo, ila usitumie vyote viwili pamoja, itakwaruza vibaya. Kama havipo nunua prii-ampu ya pembeni.

Kingine, na hili naomba sana usilipuuze, uzito wa sindano, yaani inavyoikandamiza santuri. Fuata namba ya mtengenezaji, nyingi zinacheza kwenye gramu 2 hivi. Watu wanaweka nyepesi wakidhani wanatunza santuri, kumbe sindano inarukaruka mule ndani na kuharibu mfereji. Na santuri zisimamishe wima, ukizilaza rundo zinapinda.