Saruji mbichi kuunguza ngozi

Uliuliza kwa nini vijana wako wa zege wanachubuka miguu na mikono ilhali umewanunulia gambuti na glavu. Mara nyingi saruji huwa imeshaingia humo ndani. Ikilowa ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12 hadi 13, yaani alkali kali inayounguza, na mwanzoni haiumi. Mtu anaendelea kumwaga zege, kidonda kinajitokeza saa kadhaa baadaye kikiwa kimeshakula ngozi.

Suruali ivaliwe nje ya gambuti, isichomekwe ndani. Zege likiingia, asisubiri slabu iishe: avue gambuti na soksi hapo hapo, aoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Maji ya pipa la kuoshea makarai hayafai, yana saruji ile ile. Mafuta ya taa na petroli msiguse kabisa, vinaondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia njia saruji. Jichoni ni hivyo hivyo, maji dakika 20, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Glavu za kitambaa au ngozi zinafyonza maji ya saruji na kuyagandamiza mkononi. Nunua za nitraili (aina ya mpira usiopitisha maji), ndefu kupita kifundo, na zioshwe kwa nje kabla ya kuvuliwa.

Yule anayewashwa kila akigusa saruji, hata kidogo, huenda ana mzio wa kromiamu, metali iliyomo kidogo kwenye saruji. Huo haupoi kwa kuzoea. Mpeleke kwa daktari na mhamishie kazi nyingine, kwenye nondo kwa mfano.