Pilipili mbuzi imegoma kuzaa

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwaka jana nilitoka Kisumu na miche sita ya pilipili mbuzi, zile za rangi ya chungwa zenye makunyanzi. Nimeipanda hapa Bahati, Nakuru, nikaitilia samadi ya kuku bila uchoyo. Sasa imenifika kiunoni. Inachanua, lakini maua yote yanadondoka. Sijachuma hata moja. Juu ya hayo, jirani anadai pilipili zangu zimefanya hoho zake ziwe kali. Ni kweli? Na nikijaliwa kuchuma, nizisage vipi bila kuungua mikono?
Mama wa miche sita, Bahati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikaa Nakuru miaka tisa kabla ya kurudi huku ziwani, na baridi yake ya alfajiri ningali naikumbuka. Hapo ndipo penye shida yako. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru ni kama 1,850, na Bahati bado inapanda. Pilipili hii ni ya ukoo wa habanero, asili yake Amerika ya joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, ua halishiki. Kesho asubuhi inama uangalie kikonyo: utaona kimegeuka njano pale kinapoungana na tawi. Ukiligusa, ua linabaki mkononi.

Samadi nayo imechangia. Ya kuku ina naitrojeni nyingi, na mmea ukishiba hivyo huota majani tu. Acha kuitia kabisa kwa sasa.

Chagua miche miwili iliyo mifupi, ing'oe na udongo wake jioni, uihamishie kwenye madebe ya lita 20 yaliyotobolewa chini. Yaweke kando ya ukuta wa mawe unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta huo hutunza joto mpaka usiku. Giza likiingia, funika kwa karatasi ya nailoni iliyoinuliwa na fito, na asubuhi ufunue. Ikichanua, tikisa matawi kidogo saa sita mchana ili chavua idondoke. Mimi nilipata pilipili kumi na moja kwa mche mmoja namna hiyo, nikajiona mkulima mkubwa. Hiyo minne mingine iache. Pilipili haifi kwa msimu mmoja.

Kuhusu jirani: hapana. Nyama ya hoho hujengwa na mmea wake wenyewe, hata nyuki akileta chavua kutoka kwako. Mchanganyiko unakaa ndani ya mbegu. Kwa hiyo muulize, kwa upole na kikombe cha chai, mbegu alizitoa wapi. Kama alizikausha mwenyewe kutoka hoho za msimu uliopita, basi huenda amejipandia ukali.

Sasa jikoni. Watu hulaumu mbegu, ila ukali unakaa hasa kwenye ule utando mweupe unaozishikilia. Ukwangue na kijiko ukitaka harufu tamu bila moto mwingi. Kwa kipimo cha Scoville, kinachopima ukali wa pilipili, habanero hufika 100,000 hadi 350,000, kwa hiyo vaa glavu. Ukikosa, jipake mafuta ya kupikia kwanza, na ukimaliza jipake tena kabla ya sabuni, kwa sababu ukali huo hauyeyuki kwenye maji. Mimi nilijifunza vibaya: nilinawa kwa maji matupu, kisha nikamfuta mjukuu kamasi. Alilia mpaka majirani wakaja. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa mala.

Subiri ziive mpaka ziwe za chungwa. Chemsha sita pamoja na karoti mbili na punje nne za kitunguu saumu, saga na nusu kikombe cha siki na chumvi, rudisha motoni dakika tano huku dirisha liko wazi. Matone mawili yanatosha sahani ya omena. Weka kwenye friji, na uandike jina juu ya chupa kwa herufi kubwa. Mzee wangu aliidhania juisi ya embe.