Feni ya Kompyuta Ikivuma Msimu wa Joto, Usikimbilie Kuinyamazisha

Kuanzia Septemba mpaka mvua za vuli zikolee, kazi inayofika zaidi mezani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, ni laptopu zinazovuma. Mwenye nayo karibu kila mara anaanza hivi: "Fundi, naomba unipunguzie hii kelele." Namwelewa. Kushinda na mashine inayonguruma sikioni kunachosha, na mtu aliyeinunua kwa kudunduliza anahofia itamfia mikononi.

Lakini kelele si ya kupunguzwa kwanza. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikipata moto, mashine inaiamuru feni iongeze mwendo, na feni inatii. Ukiibana kwa programu, au ukampata fundi wa kuichomoa waya (wapo, na wanaharibu mali za watu), utapata ukimya huku joto limebaki ndani. Prosesa nyingi za laptopu zina ukomo wa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi, ndiyo maana mashine inakuwa nzito mchana. Joto likizidi, inazima ghafla na kazi ambayo hukuihifadhi inapotea.

Kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Weka kiganja pale hewa inapotokea. Ikitoka kwa nguvu na ni ya moto, feni inafanya kazi yake na njia iko wazi. Shida ni mzigo wa kazi au joto la chumba. Feni ikivuma kwa nguvu zote lakini kiganjani unapata hewa haba, tena ya vuguvugu, njia imeziba. Sikiliza na aina ya sauti. Mvumo wa mfululizo ni joto. Mkwaruzo, au mlio unaobadilika ukiiinamisha mashine, ni beringi, kile kitovu ambacho feni inazungukia, imechoka. Kugongagonga kwa haraka mara nyingi ni waya au uchafu unaogusa mapanga ya feni.

Kuziba ndiko kunakotuumiza zaidi huku kandoni mwa ziwa, kwa sababu vumbi la kiangazi lina mwenzake. Wale wadudu wadogo wanaopanda mawingu kwa mawingu kutoka majini, hasa siku zinazozunguka mwezi mwandamo, wanafuata mwanga. Usiku taa inawaka, dirisha liko wazi tupate upepo, na laptopu iko hapohapo dirishani inavuta hewa. Juzi dada mmoja anayetunza hesabu za dagaa pale Mwaloni aliniletea mashine yake. Nilipofungua kifuniko cha chini, mapanga ya feni yalikuwa masafi kiasi. Uchafu ulikuwa mbele yake, kwenye mapezi membamba ya chuma ambako joto linapaswa kutoka: vumbi la kijivu na mabawa ya wadudu vimeshikana, nikavibandua vikatoka vizima kama kipande cha blanketi kuukuu. "Yaani hivyo vyote vilikuwa humo ndani?" akauliza. Vilikuwa humo, na kwa nje huwezi kuviona.

Kwa hiyo kupuliza kwa juujuu kupitia matundu hakutoshi pale uchafu ulipokwisha kushikana. Zima mashine, chomoa chaja, fungua, na uchomoe waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Uondoe ule mkeka wa vumbi kwa kibano au brashi laini, halafu ndipo upulize. Wakati wa kupuliza, zuia mapanga kwa kijiti cha meno. Mashine ya upepo ya fundi inaweza kuizungusha feni kupita kiasi ilichotengenezewa na kuua beringi, na feni ikizungushwa hivyo inazalisha umeme unaoweza kurudi kwenye saketi. Ukiona joto halijaisha baada ya usafi, na mashine ina miaka kadhaa, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea huenda imekauka. Hiyo hubadilishwa: ya zamani ifutwe yote kwa alkoholi ya isopropili, mpya ipakwe kidogo tu.

Chumba nacho kina sehemu yake. Kwa kazi ileile na mwendo uleule wa feni, chumba kikipanda nyuzi 5, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi 5. Nyumba ya bati isiyo na silingi bodi inaoka mchana, na wanaoishi katikati ya mawe, kule Mabatini au Igogo, wanajua jinsi jiwe linavyoachia joto hata jua likishazama. Kazi nzito kama kuhariri video ifanye kabla ya saa nne asubuhi. Wanafunzi wa Nyegezi na Malimbe nawasihi: msisomee godoroni. Godoro linaziba matundu ya chini kabisa. Meza ngumu na vizibo viwili vya chupa za maji chini ya pembe za nyuma vinaipa mashine nafasi ya kuvuta hewa, na kwa maoni yangu anzeni na hivyo kabla ya kununua stendi yenye feni.

Kitambaa kibichi na barafu chini ya laptopu, hapana. Hewa ya ziwani ina unyevu, na chuma kikipozwa ghafla kinatoa jasho juu ya saketi.

Kama kiganja kilikuonyesha njia iko wazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, uone programu gani inaitumikisha prosesa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa nyingi. Kwenye mipangilio ya umeme, pale panapoonekana kiwango cha juu cha prosesa, kukishusha kutoka asilimia 100 hadi 99 kwa kawaida kunaizuia isijiongezee kasi ya ziada. Kwa barua na hesabu hutaona tofauti, lakini feni utasikia imetulia.

Beringi iliyochoka haina dawa. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunasa vumbi, usithubutu. Nunua feni nyingine kwa kufuata namba iliyo kwenye kibandiko cha ile ya zamani, ulinganishe volti na idadi ya nyaya, na ukiwa dukani izungushe kwa kidole: nzuri inazunguka bila kukwama wala kukwaruza.