Umbali ni ule ule, mbona kurudi ni hatua 2,500 na kwenda ni 125,000?

Swali: Habari mtaalamu. Nimeandika programu ya matembezi ya nasibu kwenye grafu, yaani mchoro wa nukta (vipeo) zilizounganishwa kwa mistari (kingo), yenye vipeo 100. Vipeo 50 vimeunganishwa kila kimoja na kila kingine, kama fundo. Kwenye kimoja cha fundo nimefunga mkia wa vipeo 50 vinavyofuatana kimoja baada ya kingine. Kila hatua mtembeaji anachagua ukingo mmoja kati ya ile inayogusa kipeo alipo, yote kwa uwezekano sawa. Akianzia ncha ya mkia anafika kwenye fundo kwa wastani wa hatua 2,400 hivi. Akianzia pale mkia ulipofungwa aende nchani, jana nilipata wastani wa 97,000 na leo 151,000, majaribio 20 kila siku. Umbali ni kingo 50 kwenda na 50 kurudi. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea popote, ndugu yangu. Wastani halisi wa kurudi ni hatua 2,500 kamili, na wa kwenda ni 125,000 kamili. Majibu yako yote matatu yanakubaliana na hesabu hiyo, hata hayo mawili yanayoonekana kugombana. Na jambo ulilokutana nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Tukiite kile kipeo kinachoshika mkia lango. Mtembeaji akiwa langoni ana kingo 50 mbele yake: 49 zinamrudisha ndani ya fundo, mmoja tu unampeleka mkiani. Kwa wastani atakosea mara 49 kabla ya kuuchagua ule mmoja. Kila kosa lina gharama yake: hatua moja ya kuingia ndani, kisha kuzurura humo hadi alione lango tena. Akiwa ndani, kila hatua ina uwezekano wa 1 kwa 49 wa kumfikisha langoni, kwa hiyo atahitaji hatua 49 kwa wastani. Jumla ni hatua 50 kwa kila kosa. Makosa 49 mara 50 ni 2,450, ongeza ile hatua moja ya kufaulu, tunapata 2,451. Hizo zote ni za kuvuka ukingo wa kwanza tu wa mkia.

Sasa yuko kwenye kipeo cha kwanza cha mkia. Wengi hudhani kwamba hapa taabu imekwisha, kwa sababu kuna njia mbili tu na moja ni ya kusonga mbele. Lakini nusu ya uwezekano inamrudisha langoni, na akirudi langoni analipa tena zile 2,451 ili afike pale alipokuwa. Andika mlinganyo: muda wa kuvuka ukingo wa pili ni 1 kuongeza nusu ya (2,451 kuongeza muda huo huo). Jibu ni 2,453. Ukingo wa tatu ni 2,455. Hivyo hivyo hadi wa 50, na jumla yake ni 125,000.

Angalia nambari hizo vizuri. Fundo lina kingo 1,225, na 2,451 ni mara mbili ya 1,225, ongeza 1. Hiyo ni kanuni. Ikiwa ukingo ni daraja, yaani ukiukata grafu inagawanyika vipande viwili, basi wastani wa hatua za kulivuka, kwa aliyesimama kwenye kichwa cha daraja, ni mara mbili ya idadi ya kingo zilizo upande wake, ongeza 1. Yaliyo ng'ambo hayahesabiwi kabisa. Mtembeaji hana kumbukumbu wala hajui anakokwenda, kwa hiyo kinachomchelewesha ni wingi wa njia alizoziacha nyuma, maana anaweza kupotelea humo tena wakati wowote.

Kwa kurudi tumia kanuni ile ile. Nchani nyuma yake hakuna ukingo wowote, kwa hiyo daraja la kwanza ni hatua 1, linalofuata 3, kisha 5, hadi 99. Jumla ya namba witiri 50 za mwanzo ni 50 kwa 50, yaani 2,500. Fundo halimgusi hata kidogo mpaka afike langoni.

Kuna njia ya mkato ambayo mwanafunzi wa umeme ataifurahia. Mwaka 1989 watafiti Chandra, Raghavan, Ruzzo, Smolensky na Tiwari walionyesha kwamba safari ya kwenda na kurudi kati ya vipeo viwili huchukua, kwa wastani, mara mbili ya idadi ya kingo zote za grafu, zidisha kwa ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme kupita) kati ya vipeo hivyo ukiichukulia kila ukingo kuwa waya wenye ukinzani wa 1. Wewe una kingo 1,275, na ukinzani wa mkia ni 50, kwa sababu nyaya zimefuatana. Zidisha 2 kwa 1,275 kwa 50, unapata 127,500. Ndiyo 125,000 na 2,500 kwa pamoja.

Kuhusu 97,000 na 151,000. Muda wa aina hii hutawanyika mno: jaribio moja linaweza kuisha kwa hatua 10,000 na jingine likafika 400,000, na mtawanyiko wenyewe unakaribia kuwa sawa na wastani. Ukichukua wastani wa majaribio 20, bado unaweza kupishana na ukweli kwa hatua 28,000 hivi bila tatizo lolote. Majaribio 100 yanapunguza hilo hadi 12,500. Na tafadhali usiweke ukomo wa hatua 100,000 kisha ukatupa majaribio yasiyofika, kwani karibu nusu yake hayatafika, na wastani wako utashuka vibaya ukidhani umeokoa muda.

Mimi nisingetumia majaribio kabisa kwa grafu ndogo kama hii. Kwa kila kipeo kisicho lengo, muda wake ni 1 kuongeza wastani wa muda wa majirani zake. Kwa lengo ni sifuri. Hiyo ni milinganyo 99 yenye vitu 99 visivyojulikana, na kompyuta yoyote huimaliza kufumba na kufumbua, kwa usahihi.

Umbo ulilolichagua lina sifa yake. Mwaka 1990 wanahisabati Brightwell na Winkler walithibitisha kwamba fundo lenye mkia ndilo umbo baya kuliko yote kwa muda wa kufikia kipeo, pale fundo linapochukua takriban theluthi mbili ya vipeo. Muda huo hukua kama 4/27 ya n mara n mara n, n ikiwa idadi ya vipeo. Jaribu fundo la 67 na mkia wa 33: kutoka langoni hadi nchani unapaswa kupata 147,015. Ukipata namba nyingine kwenye milinganyo, hapo ndipo utafute kosa.

Tahadhari moja: yote haya ni kwa kingo zinazopitika pande zote mbili. Ukiweka mishale, kanuni ya daraja inavunjika. Panga vipeo mstari mmoja, kila kimoja kiwe na mshale wa kwenda mbele na mwingine wa kurudi mwanzo kabisa (pale mwanzo, mshale huo unakuacha ulipo). Kusonga hatua 50 ni sawa na kurusha sarafu hadi upande mmoja utokee mara 50 mfululizo, na wastani wake ni zaidi ya hatua trilioni 2,250. Hapo majaribio hayatakufaa. Milinganyo bado itakufaa.