Wamenipa kazi bila kuniona sura

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimepata ujumbe wa WhatsApp kwamba nimechaguliwa kuingiza data nikiwa nyumbani, kampuni kubwa ya nje. Usaili ulikuwa wa kuchati, dakika 20. Barua ya ajira ina nembo na muhuri. Sasa wanataka nilipie bima ya kompyuta watakayonitumia, nirudishiwe kwenye mshahara wa kwanza. Mwisho leo saa 12 jioni. Nilipe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe. Nimelitanguliza hilo maana saa zinakwenda.

Nimeajiri watu kwa miaka 11 na sikumbuki niliyempa kazi bila swali la kumtoa jasho. Wewe, kwa picha za skrini ulizonitumia, umeulizwa jina, umri, namba ya kitambulisho na benki yako. Huko ni kupekuliwa mifuko.

Anwani yao ya barua pepe nimeikuza nikaisoma kuanzia mwisho, kurudi hadi kwenye @. Ukianzia kushoto unakutana na jina unalolijua, moyo unatulia. Baada ya @ kuna jina la kampuni, kistari, kisha neno jingine, ndipo .com. Kistari hicho kinaifanya anwani nyingine kabisa, ambayo yeyote anaweza kuisajili kwa dakika chache. Nikaingia WHOIS, daftari la usajili wa majina ya tovuti: ina siku 19. Kampuni yenyewe ni kongwe kuliko mimi, na mimi si kijana.

Muhuri usikubabaishe, unachorwa kwenye simu.

Ama hiyo bima, mwajiri hununua vifaa vyake. Hata mawakala wa ajira, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unazitaka nchi zilizouridhia ziwazuie kumtoza mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzungukazunguka, ila kwa ruhusa maalumu. "Bima ya kompyuta" ndiyo kuzunguka kwenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, ifungue tovuti ya kampuni kwa kuitafuta mwenyewe, usibonyeze kiungo chao, uwaulize idara ya ajira. Na kama picha ya kitambulisho ulishatuma (hukusema, nami nina wasiwasi), pigia benki leo kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Tarakimu za uthibitisho zikiingia kwenye simu, usimsomee mtu.

Usigombane nao. Hifadhi mazungumzo, uwaripoti, kisha uwazuie. Usipowazuia, saa 12 ikipita watakuongezea muda. Huwa wanaongeza.