Mbona mapafu hutoka meusi kwenye MRI?

SWALI: Asalamu aleikum, daktari. Baba yangu, hapa Langoni, Lamu, alifanya kazi kwenye matanuri ya chokaa tangu ujana. Siku hizi akipanda ngazi za nyumba husimama katikati kutafuta pumzi. Alipimwa kwa kupuliza kwenye mashine, akaambiwa ana COPD, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kisha akaandikiwa CT, ile picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka. Mdogo wangu asema MRI ni bora kwa kuwa haina mionzi. Mbona hakuandikiwa hiyo? Na ni kweli kuna MRI ya kuvuta gesi?

JIBU: Waaleikum salaam. Msalimie mzee sana, na umpe pole.

Mdogo wako amesema kweli kuhusu mionzi: MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio tu. Lakini picha yake hutokana na hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili, na pafu kwa sehemu kubwa ni hewa. Ukitazama MRI ya kawaida ya kifua utaona pingili za mgongo, moyo, hata ini kule chini, vyote vimetokeza. Mapafu ni weusi mtupu, mishipa mikubwa ya damu ikichungulia hapa na pale.

Uchache wa maji si tatizo pekee. Vifuko vya hewa ni mamia ya mamilioni, na kila ukuta wake ni mpaka kati ya hewa na nyama. Mipaka hiyo huvuruga uga wa sumaku, hata ishara ya pafu ikafifia ndani ya milisekunde moja au mbili kwenye mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwenye tesla 3, ambayo wengi hudhani lazima iwe bora, hufifia upesi zaidi. Siku hizi zipo mbinu za kuidaka ishara kabla haijapotea, na zinasaidia, ila bado hazijaifikia CT kwa undani.

Kwa mzee shida huzidi. COPD mara nyingi huja na emfisema, yaani kuta za vifuko huharibika na kutoweka. Ugonjwa unaondoa kile kile ambacho MRI ingekitafuta. CT huonyesha uharibifu huo waziwazi, pamoja na makovu ya kifua kikuu cha zamani au uvimbe wa saratani. Kwa hiyo CT aliyoandikiwa aende akafanye. Kwa mtu wa umri wake mwenye dalili hizo, faida yake inaushinda mbali wasiwasi wa mionzi.

Hiyo ya gesi ni kweli, nami naiona ni kazi nzuri mno. Gesi yenyewe ni zenoni-129, inayoandaliwa kwa leza na mvuke wa rubidiamu mpaka ishara yake ipate nguvu maelfu ya mara. Mgonjwa huivuta, hubana pumzi kama sekunde 10, na mashine huipiga picha gesi yenyewe: ilipofika pang'aa, ilipozuiwa pabaki giza. Tena zenoni huyeyuka kwenye utando wa mapafu, halafu kwenye chembe nyekundu za damu, na kila mahali hutoa ishara ya masafa tofauti ya mawimbi. Mtafiti hupata kupima jinsi gesi inavyovuka kuingia damuni, jambo ambalo CT ya kawaida haikuonyeshi. Mapafu ya panya yalipigwa picha hivyo mwaka 1994. Marekani iliidhinisha gesi hiyo kwa wenye miaka 12 na zaidi Desemba 2022. Watafiti wa pumu na COPD huipenda kwa kuwa mtu anaweza kurudiwa picha kabla ya dawa na baada yake. Lakini inahitaji mtambo wake wa kuiandaa na koili yake, yaani antena ya kunasa ishara, na nguvu ya gesi haidumu. Usimvushe mzee hadi Mokowe, upande wa bara, na kumpandisha basi la Mombasa kwa ajili ya MRI ya mapafu.

Ulizia kile kipimo cha kupuliza. Kilirudiwa baada ya dawa ya kufungua njia za hewa? COPD huthibitishwa pale hewa ya sekunde ya kwanza, ukiigawa kwa hewa yote aliyotoa, ikibaki chini ya 0.70. Wazee wengi hukatisha mapema. Apulize kwa nguvu, aendelee sekunde 6 au zaidi hadi kifua kiishe hewa.

Na daktari aambiwe habari za tanuri. Mara nyingi huulizwa sigara tu. Mzee hujibu hajavuta maishani, mambo yakaishia hapo, kumbe moshi wa kuni za mikoko na vumbi la chokaa amevivuta miaka yote. Kama bado hupita tanurini kuwaamkua wenzake, wamfuate wao nyumbani.